Mjadala: Filamu ya "Loyalties" (1933) iliwatetea Wayahudi au iliwachafua?

Wakuu, heshima kwenu. Naleta mada hii nikiwa na msimamo wangu tayari: iliwatetea.

Kwa ambao hawajaiona, ni filamu ya Uingereza iliyoongozwa na Basil Dean, kutokana na tamthilia ya John Galsworthy iliyochezwa London mwaka 1922. Mabwanyenye wamealikwa kulala kwenye jumba moja karibu na Newmarket, mji wa mbio za farasi. Kati yao yumo Ferdinand De Levis, kijana wa Kiyahudi mwenye pesa, anayeigizwa na Basil Rathbone. Usiku, akiwa anaoga, anaibiwa karibu pauni 1,000 alizoziweka chini ya mto. Kwenye tamthilia, mwizi ameijaza pochi karatasi za kunyolea ndevu ili ibaki nene vilevile. De Levis anamshuku Kapteni Dancy, mwanajeshi shujaa, kipenzi cha wote.

Kuanzia hapo, kinachowasumbua wakubwa wale si wizi tena, ni aibu. Wanamsihi anyamaze, kwa adabu zote. Wanamdokeza kwamba akiendelea, milango ya klabu zao itafungwa. Dancy anapobanwa ndipo anapomtukana kwa Uyahudi wake. Aliyeibiwa anageuzwa mkosaji, na mwisho inabainika alisema kweli.

Nawasikia wanaosema De Levis amechorwa vibaya, ana majivuno na king'ang'anizi. Ni kweli, hapendezi. Lakini Galsworthy angemfanya malaika, tungemhurumia kirahisi na wale mabwana wasingetushtua. Mtu hahitaji kupendwa ndipo aaminiwe anapoibiwa. Naomba kuwasilisha.

—

Mtoa mada, nakupinga. Nia njema haitoshi. Chukua "The House of Rothschild" ya Hollywood, 1934, George Arliss akiwa mhusika mkuu. Iliilaani chuki dhidi ya Wayahudi, Hitler akiwa keshashika madaraka Ujerumani. Ila ndani yake mzee Mayer Rothschild anaficha mali mtoza ushuru anapokuja, na familia inajifanya fukara. Wanazi walikichukua kipande hicho wakakitia kwenye "Der ewige Jude", filamu yao ya propaganda ya 1940, eti ushahidi. Mwenye chuki huokota anachokitaka. Myahudi tajiri anayeng'ang'ania pesa zake si ndicho hasa anachokitafuta?

—

Mkuu, mfano wako ni mzito na siubezi. Lakini kipande kile cha Rothschild kinaweza kukatwa kikasimama peke yake. De Levis hakatiki hivyo: pesa anazong'ang'ania ni zake, zimeibwa, na aliyeziiba ni bwana wa tabaka la juu. Ukimwonyesha yeye, lazima umwonyeshe na Dancy.

Tena woga nao una gharama yake. "The Life of Emile Zola" ya 1937 inasimulia kesi ya Dreyfus, ofisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa aliyesingiziwa uhaini, lakini humo neno Myahudi halitamkwi hata mara moja. Linapita tu kwenye karatasi, kufumba na kufumbua. Asiyejua historia anatoka haelewi kwa nini akasingiziwa yeye na si mwingine. Kwangu, heri De Levis na majivuno yake, anayewaambia usoni kwamba anajivunia kuwa Myahudi. Wewe ungeipitisha ipi kati ya hizo mbili?