Baba Mchina, pasipoti ya Tanzania: mtoto anaingiaje chuo China?

Swali, kutoka Guangzhou, China

Habari zenu ndugu zangu. Mwanangu alizaliwa Dar, baba yake Mchina, na pasipoti ya Tanzania anayo tangu mdogo. Shule kasoma huku hadi Julai 2025, nikampeleka kwa bibi yake Dar aanze kidato cha tano. Anataka chuo huku Septemba 2027 kama mwanafunzi wa kigeni. Chuo kinataka uthibitisho kwamba ameishi nje ya China. Kwani pasipoti haitoshi? Desemba 2025 alikuja kwetu wiki tatu, sijui kama nimemharibia.

Jibu, kutoka Yiwu

Dada, pasipoti peke yake haitoshi, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Tangu 2020 Wizara ya Elimu ya China imebana mlango huu, kwa sababu kuna familia zilikuwa zinawatafutia watoto pasipoti za nje ili wakwepe gaokao, ule mtihani wa taifa wa kuingia chuo. Kanuni yenyewe iliandikwa kwa Wachina waliohamia nje wakachukua uraia wa huko, lakini vyuo vingi vinaitumia pia kwa watoto wetu waliochanganya damu.

Kwa shahada ya kwanza, vyuo hivyo vinataka mtoto mwenye mzazi Mchina awe na pasipoti ya nje kwa miaka 4 au zaidi. Tena, ndani ya miaka 4 ya mwisho, inayoishia Aprili 30 ya mwaka wa kuingia chuo, awe ameishi nje ya China miaka 2. Miezi 9 ndani ya mwaka huhesabiwa mwaka mzima, na kinachotazamwa ni mihuri ya kuingia na kutoka.

Sasa tumpigie hesabu kijana. Dirisha lake ni Mei 2023 hadi Aprili 2027. Miaka ya Guangzhou haimsaidii kitu, kwa hiyo anategemea hii miwili ya Dar. Kuanzia Julai 2025 hadi Aprili 2026 ni karibu miezi 10. Toa wiki tatu za Desemba, inabaki 9 na siku chache kama aliondoka mwanzoni mwa Julai. Kama aliondoka mwishoni, imepungua. Fungua pasipoti leo uangalie tarehe ya muhuri, usitegemee kumbukumbu. Mwaka wa pili, Mei 2026 hadi Aprili 2027, likizo zake zote za China zikijumlishwa zisifike miezi 3. Mimi ningemwacha kwa bibi yake kabisa. Na msidhani kukaa Hong Kong kutawaokoa. Ile si nchi ya nje kwa hesabu hii.

Pasipoti za zamani zenye mihuri usizitupe. Alikopita kwenye mageti ya mashine bila kugongewa muhuri, ombeni rekodi ya kuingia na kutoka kwenye ofisi ya uhamiaji ya huko Guangzhou. Tafuta pia cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa usajili wa vizazi Tanzania) na barua ya shule ya Dar.

Lakini kabla ya kuhesabu siku kuna jambo zito zaidi: je, China yenyewe inamhesabu mgeni? Sheria yao ya uraia ya 1980 haitambui uraia wa nchi mbili. Mtoto aliyezaliwa nje na mzazi Mchina ni Mchina, isipokuwa kama mzazi huyo alikuwa amehamia na kuweka makazi huko nje na mtoto akapata uraia wa huko tangu kuzaliwa. Baba yake alikuwa na ukaazi wa kudumu Tanzania, au alikuja kwa mkataba wa kampuni ya ujenzi? Hapo ndipo watu wengi wanakwama. Kama kijana amewahi kupewa lüxingzheng (hati ya kusafiria ya Kichina) na ubalozi wa China, au ameandikwa kwenye hukou (daftari la makazi ya familia) ya baba yake, anashughulikiwa kama raia wao. Pasipoti ya Tanzania haifuti hilo, na ufadhili wa serikali ya China kwa wageni haumhusu.

Swali, kutoka Foshan

Na wangu aliyezaliwa hapa hapa China, baba Mchina, mimi Mkenya?

Jibu, kutoka Yiwu

Mama, huyo kwa sheria yao ni Mchina tangu siku ya kwanza. Kenya inakubali uraia pacha tangu katiba ya 2010, lakini China haikubali. Njia yake ya kawaida ni gaokao. Kuingia kama mgeni ni mpaka aukane kwanza uraia wa Kichina kwa utaratibu rasmi, na atimize masharti ya miaka ile ile 4 na 2. Kama bado yuko shule ya msingi muda mnao, kaeni na baba yake muamue sasa.

Dada wa Guangzhou, andika barua pepe kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo, uambatanishe kurasa zote zenye mihuri, uwaombe wakujibu kwa maandishi kama kijana anatimiza masharti. Ada ya maombi usilipe kabla hawajajibu.