Naomba ushauri: kusafisha na kutambua herufi za risasi
Habari zenu wakuu. Marehemu babu alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, akaniachia kasha la herufi za kuchapia zilizotengenezwa kwa madini ya risasi. Nimepima kimo: milimita 23.3, kipimo cha Waingereza. Ubavuni mwa zile kubwa kuna alama ya duara iliyofifia. Nahisi ni za Stephenson Blake, watengenezaji wa herufi wa Sheffield, Uingereza, walionunua kiwanda cha herufi cha Caslon mwaka 1937. Herufi k na a zimelika uso kabisa, maana Kiswahili kinazitumia mno. Q bado inang'aa.

Tatizo ni unga mweupe unaozila. Najua ni sumu, navaa glavu. Nisafishe kwa kitu gani bila kuharibu sura ya herufi? Na ile alama nitaisomaje? Fundi mmoja anataka kuziyeyusha, nimemkatalia.