Mjadala: Vijana ni kazi ya serikali kuu au ya kaunti?

Mleta hoja

Ndugu zangu, kila uchaguzi unapokaribia tunaahidiwa sera mpya ya vijana, ilhali sera tunazo. Iko ile ya 2019, na Kifungu cha 55 cha Katiba kimeshaiagiza Serikali kuhakikisha kwamba vijana wanapata mafunzo, ajira na uwakilishi. Tunachokosa ni mwenye kuwajibika. Jedwali la Nne, ambalo hugawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti 47, halikuwataja vijana upande wowote. Na kwa kuwa Kifungu cha 186 kinasema kwamba kazi isiyokabidhiwa kaunti hubaki kwa serikali kuu, vijana wamebaki kwa wizara. Lakini vyuo vya ufundi vya mashinani, masoko na leseni za biashara ni mali ya kaunti.

Matokeo yake tunayaona hapa Nairobi. Chukulia kijana wa Kariobangi aliyebahatika kupata ruzuku ya mradi wa NYOTA, unaoendeshwa na serikali kuu kwa fedha za Benki ya Dunia. Ananunua mkokoteni wa kuuzia smoki na mayai ya kuchemsha, anausimamisha karibu na steji, kisha askari wa kaunti, wale tunaowaita kanjo, wanaupakia kwenye lori lao pamoja na kachumbari yake kwa sababu hana kibali. Serikali moja imempa mtaji na nyingine imeuchukua, na kila moja ikiulizwa itajibu kwamba ilifuata sheria. Hazina ya Vijana imekuwapo tangu 2006, ya Uwezo ikafuata, kisha ya Hasla mwaka wa 2022, zote chini ya serikali kuu, na hakuna hata moja inayoweza kumpa kijana huyo mahali pa kusimama.

Kwa hiyo naona jukumu hili likabidhiwe kaunti, pamoja na fedha zake.

Mchangiaji

Nakubaliana nawe kuhusu ugonjwa, si kuhusu dawa. Sisi wa Nairobi tuliona kazi zikihamishwa mwaka wa 2020, ingawa kwa mwelekeo wa kinyume, kaunti ilipoikabidhi serikali kuu afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji chini ya Kifungu cha 187. Kilichofuata ni kesi mahakamani na mivutano ya bajeti. Zaidi ya hayo, kaunti ambazo zinadaiwa na wanakandarasi kwa miaka zikipewa hazina za vijana, sioni ni kwa nini fedha hizo zisipotelee humo humo. Afadhali fedha zibaki zilipo.

Mleta hoja

Hofu ya madeni ina uzito, nami nalegeza kamba: fedha zibaki kwa wizara. Hata hivyo, Kifungu cha 189 kinaziruhusu serikali hizi mbili kuunda kamati za pamoja, hivyo ruzuku yoyote ya biashara isitolewe kabla afisa wa kaunti katika wadi husika hajatia sahihi kibali na kuonyesha sehemu ya kufanyia kazi. Anayeona kwamba hilo haliwezekani bila sheria mpya atuonyeshe kifungu kinacholizuia.