Nataka posti za Pemba, zinaingia za Msumbiji

mtoto_wa_chake
Assalam alaykum wakuu. Nna skripti yangu (kiprogramu kidogo) nimeiunga na Jetstream, mkondo wa posti zote za mtandao wa Bluesky zinavyoingia, inashika kila posti yenye neno "Pemba", nataka nione watu wanasemaje kuhusu boti za Mkoani na hali ya bahari hasa msimu huu wa kusi. Jana nimeiacha usiku kucha, naamka faili limejaa Kireno! Cabo Delgado, chaki za uganga za Brazil nazo zaitwa pemba, na Sherpa mmoja yuko Nepal anapanda milima na yeye eti Pemba. Za kwetu mbili tu, moja nimeandika miye mwenyewe. N'nakosea wapi?

forodhani_jioni
Yakhe hujakosea, jina lenu ndo mnachangia wengi. Mji mkuu wa Cabo Delgado unaitwa Pemba, na Masherpa humwita mtoto kwa siku aliyozaliwa, Pemba kwao ni Jumamosi. Jetstream haikuchujii maneno, inachuja aina ya rekodi (posti, like na kadhalika) na akaunti basi, maneno kazi yako. Usiipitishe "Pemba" peke yake, iwe na mwenzake: Wete, Chake, Unguja, boti, karafuu. Na usiamini alama ya lugha inayokuja na posti, mtu anaandika Kiswahili kitupu kumbe app yake kaiacha kwenye Kiingereza.

mzee_wa_seva
Afadhali wewe. Miye enzi za Twitter nilichora boksi la ramani la kuzunguka Mji Mkongwe nishike posti za hapo, nikageuza namba: ile API (mlango wa programu kuchukua posti) inataka longitudo mbele ndo latitudo, miye nikatanguliza -6 kabla ya 39, ikanitupa Spain. Wiki nzima nasoma Kispaniola nadhani watalii wamejaa Forodhani 😂

mtoto_wa_chake
😂😂 Na umeme ukikatika? Modemu ikizima posti za katikati zinapotea. Au nihamie X tu, ndo waliko watu wetu.

mzee_wa_seva
X (ndo ile Twitter) walifunga API ya bure 2023, daraja lenye strimu, yaani mkondo wa posti, mwaka huo wakalitia dola 5,000 kwa mwezi, uza mikarafuu kwanza. Ya umeme nyepesi: kila posti inakuja na time_us, namba ya wakati wake, ihifadhi ile ya mwisho, ukiunga tena ipeleke kama cursor (alama ya pa kuanzia) ukirudi nyuma sekunde chache, zitakazojirudia uzifute. Ila usilale siku nyingi, posti za nyuma hawaziweki milele.

mtoto_wa_chake
Nshaweka. Ya kwanza kuingia, mtu anauliza pilau la kilo mbili litiwe karafuu ngapi za Pemba.