Nimeifuta ramani kwenye simu, bado anajua nilipo

Kipepeo_Mweusi:
Wapendwa, naombeni msaada wa haraka. Mwaka jana nilisafiri usiku, nikamtumia mchumba wangu lokesheni ili ajue nikifika. Tumeachana miezi mitano sasa. Namba zake nimezifungia, na programu ya ramani nimeifuta. Juzi natoka hospitali, hata mama sijamwambia, ukaingia ujumbe kwa namba ngeni: "Pole, unaumwa nini?" Tangu hapo nakaa nahesabu nilikokwenda: kazini, msibani, nyumba niliyohamia ili asinifuate. Kote huko alikuwa ananiona? Anajuaje? Ni WhatsApp?

Fundi_wa_Usiku:
Pole sana dada. WhatsApp siidhanii, lokesheni ya moja kwa moja kule ni dakika 15, saa 1 au saa 8, kisha inakatika. Mimi nashuku hiyohiyo ramani. Kuna chaguo la kumwonyesha mtu ulipo mpaka utakapozima, na ruhusa ile inakaa kwenye akaunti, kwa hiyo kufuta programu peke yake hakutoshi. Irudishe, gusa picha yako pale juu, fungua sehemu ya kushiriki mahali, usome majina. Angalia pia vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako. Kama aliwahi kulijua neno lako la siri, badilisha hilo, la sivyo utazima na yeye atawasha.

Mama_Wawili:
Mwanangu, usizime kwanza. Siku utakapopotea kwenye ramani yake, ataona. Mdogo wangu alizima usiku akiwa peke yake, alfajiri mtu yuko mlangoni. Mwambie ndugu unayemwamini, aje akae nawe. Na upige picha ya skrini, hiyo ndiyo ushahidi wako polisi.

Jicho_la_Tatu:
Na picha unazopiga, dada. Ukiituma kama faili, mara nyingi inabeba ndani yake vipimo vya mahali ilipopigwa. John McAfee, yule tajiri wa programu za kuzuia virusi vya kompyuta, alijificha mwaka 2012, jarida likachapisha picha yake moja tu mtandaoni, watu wakasoma vipimo wakajua yuko Guatemala. Zima lokesheni kwenye kamera.

Kipepeo_Mweusi:
Nimeirudisha ramani. Jina lake lipo, peke yake, na chini yake: mpaka utakapozima. Mama, picha ya skrini nimepiga, nimemtumia kaka. Yuko njiani. Akiingia tu ndani, nazima.