Ushauri: gemu za Game Boy za kugawa bure, nizihakiki kwa kuzipa alama?

mpenda_vitufe:
Wakuu, habari za jioni.

Nina kaukurasa kangu ninakohakiki gemu mpya za Game Boy. Mpya kweli, zile ambazo watu wanazitengeneza wenyewe majumbani kwa kifaa cha gemu cha mkononi ambacho Nintendo ilikitoa 1989. Tangu programu ya kutengenezea gemu, GB Studio, itoke 2019, hata asiyejua kuandika msimbo anaweza kutengeneza, kwa hiyo tovuti ya itch.io, watu wanakoweka gemu zao, imefurika. Nyingi ni za kuzunguka kijijini ukisoma maongezi basi. Nyingine ni moto: Deadeus, ile ya kutisha yenye miisho 11, imetengenezwa kwa GB Studio hiyo hiyo.

Sasa kuna jamaa nilimpa 4 kati ya 10 kwa gemu aliyoigawa bure. Kaniandikia kwa hasira kwamba cha bure hakipewi alama, na tena mimi nachezea kwenye simu, kifaa chenyewe sina. Hilo la kwanza nalibishia. La pili linanisumbua. Mnaonaje?

KobeMpole:
Bure si hoja mkuu. Kaiweka hadharani, watu wanatumia bando lao na muda wao. Ila hiyo 4 haimsaidii mtu. Msomaji anataka kujua aipakue au aiache, na mwenye gemu anataka kujua wapi pamemshinda. Andika hayo mawili, namba achana nayo.

fundi_redio:
Kwenye la pili jamaa ana hoja, tena huenda ndiyo inayomwumbua mwenyewe.

Game Boy halisi ukiiwasha, RAM yake, yaani kumbukumbu ya muda, inaamka na takataka za ovyo. Emuleta nyingi, zile programu za kuiga kifaa kwenye simu au kompyuta, zinaianzisha na sifuri tupu. Mtengenezaji akisahau kuweka thamani ya mwanzo, kwenye simu kila kitu kinakwenda sawa, kwenye kifaa unaanza na roho 173 au gemu inaganda kabla hujagusa kitufe. Kuna na kumbukumbu ya picha: skrini inapokuwa katikati ya kuchora mstari, kifaa hakikubali kuandikiwa humo. Ukiandika kinapuuza tu, picha inatoka na mapengo. Emuleta za zamani zilikuwa zinapokea bila kuuliza, ndiyo maana gemu kadhaa zilionekana nzima hadi zilipotiwa kwenye katriji na kuchomekwa kwenye kifaa.

Halafu kioo. Cha Game Boy ya kwanza ni kizito kubadilika, kitu kikikimbia kinaacha mkia. Gemu ya kasi yenye mandhari ya madoadoa meusi na meupe inapendeza kwenye simu, pale inageuka uji.

Kama kifaa huna, tumia emuleta kama SameBoy au BGB, hizo zinakifuata kwa karibu sana. Na utaje mwanzoni kabisa umechezea wapi.

binti_wa_mwambao:
Fundi, usimgeuze awe mkaguzi wa mitambo. Wasomaji wake wengi wanachezea simu hizo hizo.

Mimi namwomba kitu kimoja, aijue mipaka ya kifaa asije akalaumu pasipostahili. Kuna uhakiki nimewahi kusoma, mtu analalamika maadui wanapepesa. Game Boy inaonyesha spraiti (vile vipicha vinavyotembea, kama maadui) 40 kwa wakati mmoja, na 10 tu katika mstari mmoja wa skrini. Zikizidi, za ziada hazichorwi. Mtengenezaji mjanja anazipokezanisha, ndipo zinapepesa badala ya kupotea kabisa. Huo ni ufundi! Cha kulaumu ni kuwapanga maadui wote usawa mmoja wakati nafasi ya kuwapandisha na kuwashusha ipo.

Vilevile usimpime wa GB Studio kwa µCity, ile ya kujenga mji kwenye Game Boy Color, iliyoandikwa kwa asembli, lugha ngumu ya kuiamuru mashine moja kwa moja. Lakini hapo huruma yangu inaishia. Maongezi yasiyorukika na ramani tupu si kosa la zana.

mpenda_vitufe:
Asanteni sana. Kifaa nitakuwa nakitaja. Namba naziweka kando kwa sasa, ingawa KobeMpole hajanishawishi sana, msomaji mvivu anazipenda.

Swali la pembeni: nimepata Game Boy Advance SP iliyotumika, na mwingine anauza DS Lite, kifaa kingine cha Nintendo. Nataka kununua na katriji ya kupakia ROM, yaani mafaili ya gemu. Nichukue ipi?

fundi_redio:
SP. Inasoma katriji za Game Boy, Color na Advance, na kioo kina taa. DS Lite inapokea za Advance tu kwenye tundu la chini, na Game Boy Micro ni hivyo hivyo, usije ukadanganywa. Kabla hujatoa hela ifungue na kuifunga mara kadhaa, bawaba zake hupasuka. Hedifoni zinahitaji adapta, SP haina tundu lake. Na ule mkia wa kioo cha 1989 hutauona humo, kwa hiyo gemu za kasi bado uziandike kwa tahadhari.