Kituo cha jeshi la Wajerumani Mwanza (1916): kwa nini kiliachwa, na mabaki yake tuyatambueje?

Nyamagana_Juu:
Wakuu, habari za jioni. Kuna kikundi kinakusanya taarifa za kituo cha jeshi la Wajerumani hapa Mwanza ili kiombe mabaki yahifadhiwe. Maswali matatu. Kwa nini mji uliokuwa na mzinga wa Königsberg (meli ya kivita ya Wajerumani) uliachiwa upesi vile Julai 1916? Pili, mzinga wa Königsberg unautambuaje, maana kila chuma cha zamani Afrika Mashariki kinapewa jina hilo? Tatu, kuta za mawe za enzi hizo zinaachia, na mafundi wanazipiga saruji. Ni sawa? Stori za dhahabu ya Mjerumani iliyofukiwa pelekeni jukwaa lingine, tafadhali.

MwaloWaKirumba:
Mkuu, anza na reli, mzinga utafuata. Mwingereza alifikisha reli Kisumu Desemba 1901, meli zake zikaletwa vipandevipande na kuungwa palepale: Winifred, Sybil, Clement Hill na wenzake. Mjerumani reli yake ya kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika 1928, mwenyewe keshaondoka zamani. Kwa hiyo kuanzia Tabora hapakuwa na treni: sanduku la risasi lilikuja kichwani mwa mpagazi, na mzinga wenyewe ukaja kwa nchi kavu. Reli ya sasa ni karibu kilomita 380, pima mwenyewe.

Ziwani alikuwa na chombo kimoja cha kutisha, Muansa. Septemba 1914 iliishambulia Winifred kule Karungu, Winifred ikageuza. Novemba Sybil ikapanda mwamba Majita, ikanasuliwa Mei 1915. Lakini meli za Kisumu zilipokwisha kufungwa mizinga, ziwa likawa la Mwingereza. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 akavamia Bukoba, akaangusha mlingoti wa simu ya upepo, akapanda meli akarudi zake. Wengi husimulia kana kwamba Bukoba ilitekwa siku hiyo. Hapana, ilivamiwa tu. Ilikuja kuchukuliwa mwaka uliofuata.

Kwa maoni yangu, kilichoimaliza Mwanza ni Ukerewe. Mpunga wa askari ulitoka huko, na kisiwa kilichukuliwa Juni 1916. Mwezi uliofuata Jenerali Crewe akashusha askari nje ya mji, wakaja kwa miguu, na tarehe 14 Julai wakaingia. Mzinga mmoja hauwezi kulinda ghuba na njia ya Tabora kwa wakati mmoja. Wajerumani wakaondoka kuelekea kusini kabla njia haijafungwa. Tabora yenyewe iliangukia kwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba.

Fundi_Mitutu:
Najibu la mzinga. Königsberg ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5. Meli ilipozamishwa Rufiji tarehe 11 Julai 1915, mizinga ilitolewa ikapelekwa Dar es Salaam, karakana ya reli ikaitengenezea magari ya magurudumu. Mgawo ulikuwa Dar 5, Tanga 2, Kigoma 2, Mwanza 1. Inayojulikana kubaki ni mitatu: Pretoria, Fort Jesus ya Mombasa, na Jinja. Mtu akikuonyesha "wa nne", mwombe vipimo kabla ya kumpigia makofi.

Unaochanganywa nao ni mzinga wa HMS Pegasus, meli ya Kiingereza iliyozamishwa na Königsberg hiyohiyo Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Ule ni wa inchi 4, yaani milimita 101.6. Tofauti ni milimita 3.4 tu. Tena mitutu yote miwili ni ya urefu wa mara 40 ya upana wa tundu, kwa hiyo jicho halisaidii, na futi ya seremala ndiyo kabisa. Tafuta vernia ndefu, kile kipimio cha taya mbili kinachosoma hadi sehemu za milimita.

Kwanza mulika tochi kwa pembeni uone kama ndani hamna kitu. Usisimame mbele ya mdomo. Safisha kutu ya mdomoni kwa brashi ya waya laini. Grainda usiiguse, inafuta namba na alama, na hizo ndizo ushahidi. Ndani ya mtutu utaona mifereji inayojisokota na matuta katikati yake. Pima kutoka tuta hadi tuta la mkabala. Ukipima kutoka chini ya mfereji, wa Pegasus utasoma 103 na zaidi, nawe utatangaza Königsberg mitandaoni. Zungusha vernia upime pande kadhaa, uchukue kipimo kidogo kuliko vyote, kwa sababu kutu hula chuma na kupanua tundu. Kisha nenda nyuma, kwenye kifungio: mshale mpana au taji ni mali ya Mwingereza; ya Mjerumani ilitengenezwa na kiwanda cha Krupp.

Chokaa_na_Jiwe:
Saruji hapana. Jiwe la Mwanza ni granite, halinywi maji. Mvua ikiingia ukutani, njia yake ya kutokea ni viungo vya chokaa. Ukiviziba kwa saruji, maji yanabaki ndani, chokaa ya katikati inageuka unga, na baada ya misimu kadhaa jiwe linachezacheza huku saruji ya nje ikionekana nzima. Hapo ndipo watu husema "ukuta umeanguka ghafla".

Kwangua kiungo kwa mkono, kina kiwe mara mbili ya upana wake, kisipungue milimita 25. Chokaa ya mfuko iloweke maji angalau siku nzima hadi iwe uji mzito. Changanya 1 kwa 3 na mchanga. Mchanga wa ziwa unafaa ukioshwa: utie kwenye chupa na maji, tikisa, uache utulie, tope la juu likiwa nene, osha tena. Lowanisha kiungo, shindilia kwa tabaka zisizozidi milimita 20, funika kwa magunia yenye unyevu wiki nzima. Wanaoshindwa wengi wanashindwa kwenye magunia: jua la mchana linaikausha chokaa kabla haijashika.

Na jambo ambalo kikundi chenu kisipolijua kitapoteza muda: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863. Boma la Mjerumani halimo, hata Bukoba ya Emin Pasha ni ya 1890. Linahitaji waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Barua yenu iombe tangazo hilo waziwazi, na iambatanishe ramani ya kiwanja, picha za kila upande na jina la mmiliki. "Tunaomba lihifadhiwe" peke yake haina pa kushikia.

Nyamagana_Juu:
Shukrani sana wakuu. Moja la nyongeza: vijana wakichimba msingi wakakuta kombora?

Fundi_Mitutu:
Wasiliguse, wasilimwagie maji, wasilipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Umri hauliponyi. Makombora ya Kiingereza ya vita ile mengi yalijazwa asidi ya pikriki, ambayo ikikaa na chuma hutengeneza chumvi zinazolipuka kwa msuguano mdogo. Zungushieni alama kwa mbali, simamisheni kazi, pigeni simu polisi. Wao wataita wataalamu wa jeshi. Na msidhani kila kitu ni cha 1916. Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ililenga matangi ya mafuta Mwanza, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Kwa hiyo msikisafishe ili mjue ni cha vita gani. Piga picha kwa mbali, basi.